Rais wa Italia alifika Malindi, wanafunzi wakauliza mkubwa ni nani

Machi 2023 rais wa Italia, Sergio Mattarella, alikuja Kenya na akafika mpaka huku kwetu Malindi, akaenda kuona kile kituo cha anga cha Wataliano cha Luigi Broglio kule Ngomeni. Wiki hiyo hiyo darasani kijana mmoja wa Form 4 akanyoosha mkono, mwalimu, kama huyu ndo rais, basi yule mama Meloni tunayemuona kwa habari ni nani, na mkubwa kati yao ni yupi? Nikamjibu haraka haraka, Meloni ni waziri mkuu. Darasa zima likaitikia aaah, wakaandika, tukaendelea.

Jioni nikikusanya madaftari ndo nikaona kilichoandikwa. Karibu wote waliandika Meloni anafanya kazi chini ya Mattarella na anapewa amri naye. Na sikuweza kuwalaumu, manake mtoto wa Kenya ukimwambia waziri mkuu anajua wawili tu, kuna Raila wa serikali ya nusu mkate, ile ya muungano, 2008 mpaka 2013, na kuna Mudavadi ambaye ni Mkuu wa Mawaziri, na wote hao juu yao kuna rais. Kwa hiyo neno lilikuwa sahihi na maana iliyoingia kichwani ilikuwa ya hapa kwetu. Hapo ndo shida yote ya kufundisha serikali ya nchi ya watu ilipo, yaani maneno tunayo tayari, rais, seneti, waziri, ila kila neno limeshajaa vitu vya nyumbani.

Silabasi ya Historia na Serikali ya Form 4 inatupa nchi tatu, Uingereza, Marekani na India, na sina ugomvi nayo. Ila mtoto wa Malindi Mwingereza hamjui kivile. Mtaliano anamjua tangu utotoni, Kitaliano anakisikia kuanzia barabara ya Casuarina mpaka Mayungu, mjomba wake ni mpishi wa nyumba ya Mtaliano, mamake anauza samaki na hesabu anazitaja uno, due, tre bila kufikiria. Tena huko Ngomeni baharini Wataliano walikuwa wakirusha roketi tangu miaka ya 1960, na setilaiti ikarushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970 ikapewa jina Uhuru sababu ilikuwa siku yetu ya uhuru. Sasa nchi imekaa mlangoni kwetu zaidi ya miaka 50 na watoto wetu wanachojua ni pizza na ciao. Ndo nikaamua Italia nitaiongeza kama nchi ya nne, iwe ndo ufunguo wa hizo zingine tatu.

Nikaacha kabisa kuanza na majina ya vyeo. Naanza na swali moja tu, nani anaweza kumtoa nani? Nachora mishale ubaoni. Kwanza Kenya, sababu hiyo wanaijua. Mshale kutoka kwa wananchi kwenda kwa rais, tunampigia kura wenyewe, apate nusu ya kura na moja juu, pamoja na robo ya kura kwenye angalau kaunti 24. Mshale mwingine kutoka kwa wananchi kwenda bungeni. Kati ya bunge na rais mshale upo lakini ni mwembamba, bunge haliwezi kumtoa rais ati kwa kuwa sera zake haziwapendezi, lazima kuwe na kosa kubwa na thuluthi mbili wakubali huku bunge la taifa na kule seneti. Rais naye hawezi kuamka asubuhi akavunja bunge. Hawa wawili kila mmoja ana kura zake za wananchi na kila mmoja yuko na kwake.

Alafu nafuta, nachora Italia. Mwananchi wa Italia ana mshale mmoja tu wa kitaifa, ule wa kwenda bungeni. Anachagua wajumbe 400 wa bunge la chini na maseneta 200 (zamani walikuwa 630 na 315, wakapunguzwa kwa kura ya maoni ya 2020). Basi. Rais hamchagui, waziri mkuu hamchagui. Rais anachaguliwa na bunge zote mbili zikikaa pamoja na wajumbe wa mikoa, kura ya siri, awe amefika miaka 50, anakaa miaka 7. Rais ndo anamteua waziri mkuu, ila huyo waziri mkuu lazima ndani ya siku kumi aende bungeni akaombe kura ya imani, na aipate katika nyumba zote mbili, yaani bunge la chini na seneti. Hiyo imani si ya kupewa mara moja ukaenda nayo nyumbani, nyumba yoyote kati ya hizo mbili inaweza kuichukua siku yoyote, sababu ni moja tu inatosha, hatukutaki tena. Serikali imeanguka.

Hapo watoto macho yanatoka. Kwa hiyo Meloni ndo anaendesha nchi, ndo anapanga bajeti, ndo anaenda mikutanoni kukaa na wakubwa wa dunia, lakini anaweza kwenda nyumbani Jumanne ijayo. Mattarella haendeshi chochote cha kila siku na hakuna anayemgusa miaka 7, labda afanye uhaini au avunje katiba. Ukiuliza mkubwa ni nani jibu ni unauliza ukubwa wa aina gani.

Wanauliza mbona wakajifunga hivo? Hapa usipite mbio manake bila hii historia mishale yote inakuwa ya kukariri. Oktoba 1922 mfalme wao Vittorio Emanuele III alimwita Mussolini aunde serikali, na Mussolini akakaa zaidi ya miaka 20, akafunga vyama, akawaingiza vitani. Vita vilipoisha, tarehe 2 Juni 1946, Wataliano wakapiga kura kuchagua ufalme au jamhuri, na ilikuwa kura ya kwanza ya nchi nzima ambayo wanawake walishiriki. Jamhuri ikashinda kwa kama asilimia 54. Katiba iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1948 iliandikwa na watu waliotoka kuishi chini ya mtu mmoja, wakaamua asiwepo tena mtu mmoja mwenye funguo zote. Mpaka leo katiba haimpi waziri mkuu wao hata nguvu ya kumfuta waziri wake. Nikisema hivo, wanafunzi wangu wanakumbuka wenyewe kwamba hata sisi katiba ya 2010 tuliiandika kwa uchungu, na sisi tulikuwa tunamkwepa rais mwenye nguvu kupita kiasi ila tukachagua njia nyingine.

Alafu tunacheza. Nina wanafunzi 50, 32 nawafanya bunge la chini, wengine 16 maseneta, mmoja rais anakaa kando kwenye kiti changu, na mmoja namtoa nje kabisa akae kwenye baraza ya darasa, wanashangaa huyo wa nini. Vyama wakavipa majina ya samaki. Bunge la chini Tewa 14, Changu 11, Taa 7. Seneti Tewa 7, Changu 6, Taa 3. Hakuna mwenye nusu peke yake. Rais anamwita kiongozi wa Tewa, Tewa anaenda kubembeleza Taa, Taa anataka wizara mbili, wanapatana, kura inapigwa, 21 bunge la chini, 10 seneti, serikali imezaliwa na darasa linapiga makofi. Kipindi cha pili nawapa jambo la kuwagombanisha, mfano serikali inataka kupunguza pensheni, na wale Taa watatu wa seneti wanakataa. Watatu tu! Bunge la chini bado wako 21 ila seneti imebaki 7 kati ya 16, waziri mkuu anasimama anaenda kwa rais kujiuzulu.

Sasa yule rais aliyekuwa amekaa kimya anaonekana ni nani. Anaita viongozi wote mmoja mmoja, anawauliza, mko tayari kushirikiana na nani? Anaweza kuwaunganisha Tewa na Changu, anaweza kuvunja bunge twende uchaguzi, au anaweza kufungua mlango akamwita yule aliyeko nje. Sheria haisemi waziri mkuu lazima awe mbunge. Na hilo si hadithi ya kubuni, Januari 2021 serikali ya Giuseppe Conte ilikosa nguvu baada ya chama kidogo cha Matteo Renzi kujitoa, Mattarella akamwita Mario Draghi, mtu wa benki ambaye hakuwa mbunge hata siku moja, akaunda serikali Februari bila mwananchi kupiga kura. Julai 2022 vyama vitatu vilivyokuwa vikimshikilia vikamwacha, Draghi akaondoka, uchaguzi ukafanyika tarehe 25 Septemba, chama cha Meloni, Fratelli d'Italia, kikapata kama asilimia 26 ya kura, na kilikuwa kimeshaungana na vyama vya Lega na Forza Italia kabla ya kura, Oktoba Meloni akaapishwa. Asilimia 26! Nawaambia watoto hapa kwetu ukipata hiyo kwenye urais hata duru ya pili unaweza usiione.

Na kwa wale wanaodhani rais wa Italia ni pambo tu nawapa Mei 2018. Vyama viwili vilileta orodha ya mawaziri, Mattarella akakataa jina moja, la waziri wa uchumi, Paolo Savona, kwa hofu kwamba msimamo wake dhidi ya euro ungetisha waliokopesha nchi. Serikali nzima ikakwama siku kadhaa mpaka Savona akahamishiwa wizara nyingine.

Mfano wa kura chache upo wa kweli pia. Oktoba 1998 waziri mkuu Romano Prodi alianguka kwa kura 313 kwa 312. Akarudi tena 2006, na Januari 2008 akaangushwa na seneti peke yake, bunge la chini lilikuwa limeshampa imani. Sasa linganisha na seneti yetu ya Nairobi inayohangaika na mgao wa pesa za kaunti. Jina lile lile, kazi mbali kabisa.

Ukihesabu tangu 1946 serikali ya Meloni ni ya 68. Wanafunzi wanacheka, kumbe hiyo nchi mbovu! Hapa nawasimamisha kwa sababu kosa hili hata watu wazima wa baraza zetu wanalo. Serikali kuanguka kule si kupinduliwa, si fujo, mara nyingi wabunge ni wale wale, makarani ni wale wale, treni inaondoka, mshahara unalipwa, wanabadilishana viti mezani. Shida yake ipo sehemu nyingine, mipango ya muda mrefu inakatika katika, kila anayekuja anajua hana muda. Hiyo inatupeleka kwa uchumi.

Uchumi sianzi na takwimu. Naanza na mzee. Kila mwanafunzi wa Malindi anamjua mzee mmoja wa Kitaliano, mstaafu, anakaa nyumba ya kupanga, asubuhi yuko mkahawani na kahawa yake ndogo, ana mtu wa bustani na dada wa kupika. Nawauliza, pesa ya huyu mzee inatoka wapi? Majibu huwa ni tajiri, ana kampuni, au wale wenye midomo wanasema mafia. Nawaambia wengi wao ni pensheni tu, alikuwa fundi, dereva, mwalimu kama mimi.

Alafu tunaifuata euro moja nyuma nyuma. Mzee analipwa na shirika la umma la pensheni, INPS. INPS haikumwekea pesa zake kwenye sanduku miaka 40, inachukua makato ya anayefanya kazi leo na kumpa aliyestaafu leo. Kwa hiyo pesa ya mtu wa bustani wa hapa Malindi inaanzia kwenye payslipu ya kijana wa kiwanda kule Emilia, kaskazini mwa Italia. Na viwanda vyao vingi si vya kutisha kwa ukubwa, ni vya familia, mji mzima unashika kitu kimoja, Sassuolo ni vigae, Prato vitambaa, Carrara mawe ya marumaru, Belluno miwani. Wanafunzi wakiambiwa Italia ni uchumi wa tatu kwa ukubwa Umoja wa Ulaya baada ya Ujerumani na Ufaransa wanawazia viwanda vya moshi, kumbe ni maelfu ya karakana za baba na mwana.

Sasa huyo kijana wa Emilia yuko mmoja na wazee wanaongezeka. Kama robo ya Wataliano wamepita miaka 65, watoto wanaozaliwa kwa mwaka wameshuka chini ya laki nne katika nchi ya watu kama milioni 59. Pensheni inakula karibu moja ya sita ya pato lote la taifa. Hapo darasa langu, ambalo kila mtu ana ndugu watano, linanyamaza.

Deni nalo. Deni la serikali ya Italia linazidi pato la mwaka mzima kwa zaidi ya thuluthi moja, letu liko kama thuluthi mbili ya pato. Mwanafunzi anaruka, mwalimu, wanadaiwa kuliko sisi! Ndio, ila uliza wanadaiwa na nani na kwa pesa gani. Sehemu kubwa ya hilo deni wanadaiana wenyewe kwa wenyewe, benki zao na wananchi wao, kwa euro. Sisi karibu nusu tunadaiwa nje, na nyingi ni dola ambazo hatuchapishi. Euro nayo Italia haiichapishi peke yake, waliiacha lira (wazee wa hoteli hapa bado wanaikumbuka na sufuri zake, lira 1,936.27 zilikuwa euro moja) na noti za euro zikaanza mikononi tarehe 1 Januari 2002, riba inapangwa na Benki Kuu ya Ulaya kule Frankfurt. Kwa hiyo kuna mshale mwingine wa kuchora, unaotoka nje ya mipaka kabisa.

Mahali siasa na pesa zinapokutana hakuna mfano mzuri kama Novemba 2011. Wakopeshaji waliiogopa Italia, riba ya deni la miaka kumi ikapita asilimia 7, waziri mkuu Berlusconi akajiuzulu, rais wa wakati huo Giorgio Napolitano akamwita profesa wa uchumi, Mario Monti. Desemba waziri wa kazi, Elsa Fornero, akatangaza mabadiliko ya pensheni na akabubujikwa machozi mbele ya kamera. Leo umri wa kustaafu kwa kawaida ni miaka 67. Yule mzee wa mkahawani ukimuuliza alistaafu na miaka mingapi atakwambia, na kijana wa Emilia anajua hatapata hivo. Mishale yote iko hapo, wakopeshaji, bunge, rais, waziri mkuu, mzee, na mwisho mtu wa bustani wa hapa Malindi.

Kitu ambacho wanafunzi wangu wa Pwani wanakishika bila mimi kutumia nguvu ni kaskazini na kusini. Pato la mtu wa Calabria, kusini, ni kama nusu tu ya la mtu wa Lombardia, kaskazini. Wanakijua hicho kilio, wamekisikia nyumbani, sisi tumeachwa nyuma. Ila kule kuna jambo linawageuza kichwa, waliopiga kelele za kujitenga walikuwa matajiri wa kaskazini, Lega Nord ya Umberto Bossi ilitangaza nchi yake ya Padania 1996, wakisema wamechoka kuwalisha wa kusini. Mikoa iko 20, na kama kaunti zetu ndo inayoshika hospitali, kwa hiyo mgonjwa wa Calabria anasafiri kwenda kutibiwa Milano kama wetu anavyopandishwa basi kwenda Nairobi.

Zoezi la mwisho nalowapa linahusu mwaka 2024. Mwanzo wa mwaka euro moja ilipita shilingi 170, ilipofika katikati ya mwaka imeshuka kama 140. Mzee wa pensheni ya euro elfu moja alikuwa anapata laki moja na sabini hapa, ghafla laki na arobaini, akampunguzia dada siku za kazi. Swali, ni serikali gani imesababisha? Wote wanaandika Italia. Kule hakuna kilichobadilika, pensheni ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni shilingi yetu, Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni moja na nusu kulipia sehemu ya deni la bilioni mbili lililokuwa linaiva Juni, watu wakaacha kuogopa tutashindwa kulipa, shilingi ikapanda. Habari iliyokuwa nzuri Nairobi ikaingia Malindi kama kupunguziwa siku. Kuna binti aliandika kurasa mbili kwa swali hilo, mamake ndo yule dada wa kupika, na mpaka leo sijapata insha iliyonifunza zaidi kuhusu uchumi.

Mwalimu mwenye vipindi viwili tu, nakushauri kimoja kiwe mishale na mchezo wa samaki, cha pili euro ya mzee, mengine yaache. Alafu ujue mchoro unaweza kubadilika, manake serikali ya Meloni inataka waziri mkuu achaguliwe na wananchi moja kwa moja, seneti ilipitisha mara ya kwanza Juni 2024, na kubadili katiba kule lazima kila nyumba ipige kura mara mbili na huenda mpaka kura ya maoni. Ikipita, mshale mpya utatoka kwa wananchi, na ule wa rais wa kumwita mtu aliyeko nje ya mlango utakuwa mwembamba sana. Kwa hiyo mchoro wa Italia bado naupiga chaki, sijauhamishia kwenye karatasi ya manila.